Shingo ya Huka

Jumapili, 27 Oktoba

Tumefungwa raga jana. Nyumbani! Mvua ya kuingia mpaka kwenye mifupa, na kila skramu, safu zinaposukumana vichwa kwa vichwa, tunarudishwa nyuma kama toroli. Nimecheza mechi nzima kwa sababu hakuna huka mwingine, mtu wa katikati ya safu ya mbele, aliye mzima klabuni. Nina miaka thelathini na minne. Wenzangu niliosoma nao siku hizi wanacheza gofu.

Jambo moja la kuandika hapa na si kumwambia mtu. Skramu ya mwisho, vichwa vilipokutana, moto ulinishuka toka shingoni, ukapita begani, hadi kidole gumba cha kushoto. Kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Ukapita. Lakini leo asubuhi kidole bado kina ganzi. Nimekiuma — sikusikia kitu.

Mke wangu Mererid kauliza mbona nanywa chai kwa mkono mmoja. Nikasema kikombe chenyewe kidogo.

Jumanne, 29 Oktoba

Tudur ameumia goti! Mazoezini na timu ya taifa, hakuguswa na mtu, alikuwa anageuka tu. Msimu umekwisha kwake.

Tudur na mimi tulianza pamoja timu ya vijana. Mahuka wawili, nafasi moja. Kila Wales walipohitaji huka walimchukua yeye. Hakuniibia, alikuwa bora, basi. Mimi nimebaki yule ambaye magazeti humwita “mchapakazi”.

Amenipigia toka kitandani. Alilia kidogo, halafu akacheka. “Kaa karibu na simu yako, we bibi kizee. Wanaishiwa watu.”

Nikamwambia aache upuuzi. Wapo wengine wawili mbele yangu.

“Mmoja kafungiwa kwa kumpiga mtu kichwa. Hesabu mwenyewe.”

Nimekaa karibu na simu jioni nzima. Rafiki yangu amevunjika, na mimi natazama simu! Aibu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Wamepiga!!

Nilikuwa sokoni na binti yangu Nanw, tunachagua boga la kuchonga sura kwa Halloween. Ana miaka sita na alitaka boga lenye sura ya hasira. Kocha wa taifa mwenyewe. Kauliza kama bado narusha mpira ulionyooka. Nikasema nadhani hicho ndicho kitu pekee ninachojua. Akacheka. Halafu: “Na mwili? Shingo, mabega, vyote salama?”

Nanw ananivuta koti.

“Vyote salama.”

Neno lilitoka lenyewe. Wala halikuuma.

Nikampigia Baba. Baba alifanya kazi kiwanda cha bati mpaka kilipofungwa, na alikuwa huka wa timu ya kijiji mpaka meno ya mbele yalipokwisha. Nikadhani simu imekatika. Kisha nikamsikia anapenga kamasi.

“Vumbi,” akasema. “Hewa ya huku ina vumbi sana.”

Mvua inanyesha toka Jumatatu!

Jumamosi, 2 Novemba

Sikutaka kwenda baa ya klabu ya kijiji. Baba alinipeleka kama ng’ombe wa maonyesho. Watu walisimama. Watu wazima, walionifundisha kufunga kamba za viatu, walisimama!

Mzee Idwal, aliyekuwa mwamuzi zamani na hajawahi kumsifu mtu yeyote, alinitazama juu mpaka chini. “Kumbe wameishiwa kabisa.”

“Kabisa, Mzee.”

“Na huyo baba yako ameshatuandikisha wote treni ya kwenda Cardiff kwenye mechi. Usituaibishe. Mimi goti langu halipendi treni.” Halafu akanishika mkono, akaukamua muda mrefu. Ule wa kushoto. Niliona vidole vyake vikinibana. Sikuvisikia.

Baba aliimba. Sauti yake imekwisha lakini aliimba. Kila mtu akaitikia, hata wale waliokuwa wakirusha vishale ukutani. Nilitoka nje kidogo, nikasimama kwenye mvua.

Jumatano, 6 Novemba

Kambini. Chumba kimoja na Garmon, nguzo yetu ya upande wa kulia kwenye skramu. Ameichezea Wales tangu Nanw hajazaliwa. Mtu wa kaskazini, ana kondoo wengi kuliko maneno. Anakoroma kama trekta.

Daktari wa timu, Lowri, alinipima jana. Sukuma mkono wangu. Vuta. Geuza shingo huku, geuza kule. Siku hiyo mkono ulikuwa mwema, ukamsukuma vizuri. Kauliza kama kuna maumivu yoyote, ganzi yoyote. Nikasema hapana. Mwanamke mpole. Kaandika nilichosema.

Mazoezi safi! Mipira yangu ya kurusha toka pembeni imenyooka, mikono ya wadakaji warefu inaisubiri pale pale. Mkono wangu wa kulia ndio unaofanya kazi, wa kushoto unaelekeza tu. Kocha alisema “Elgan, hapo hapo!” mara kadhaa. Nilijisikia kijana wa miaka ishirini.

Skramu — moto tena. Mara mbili. Baadaye chupa ya maji ilinidondoka. Nikaiokota. Ikadondoka tena.

Garmon alikuwa anafungua kamba za viatu. Akaitazama chupa, akanitazama mimi. Akaendelea na kamba zake.

Jumapili, 10 Novemba

Siku moja ya kupumzika nyumbani. Supu ya kondoo na viazi, moto kwenye jiko, mvua. Nilikuwa na furaha, naapa.

Jumapili huwa namsuka Nanw. Ndiyo kazi yangu, na Mererid husema namshinda. Leo nywele zilikuwa zinanitoroka. Nagawa mafungu matatu, fungu la kushoto linapotea. Nikaanza upya. Nikaanza upya tena.

“Baba, unanifunga kama kondoo,” Nanw akasema.

Mererid alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo kwa muda gani. Alimaliza kumsuka yeye, akamtuma kwa bibi yake, akafunga mlango.

“Tangu lini?”

Nikaanza kusema kikombe, baridi, umri.

“Elgan. Tangu lini?”

Nikamwambia. Yote. Moto, kidole, Daktari, neno nililomwambia Kocha. Nilitegemea apige kelele. Ingekuwa rahisi! Ningepiga kelele na mimi. Aliketi chini pale pale kwenye zulia, katikati ya vibanio vya nywele.

“Sikukatazi,” akasema. “Nikikukataza utanichukia, taratibu, mpaka tuzeeke. Lakini usiniweke jukwaani nishangilie wakati mimi najua na yule anayekusukuma hajui, na daktari hajui. Hilo siwezi.”

Nikasema ni mechi moja. Nimeingoja maisha yangu yote.

“Najua. Nimeingoja na wewe.”

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Halafu Nanw akarudi kuchukua mwanasesere wake, tukajifanya tunatafuta kibanio kilichopotea.

Jumatatu, 11 Novemba

Kambini tena. Mererid kaniendesha mpaka stesheni. Wakati nashuka akanirekebisha kola, akasema, “Ule vizuri.”

Mkono mwema leo. Labda unapona.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimo! Namba kumi na sita, benchi. Mechi na Argentina, Jumamosi. Kocha kasema nitaingia kipindi cha pili, nisiwe na wasiwasi kuhusu hilo, wale jamaa wanachosha watu na huka wetu wa kwanza ana mapafu ya mvuta sigara. Watu wakacheka. Wakanipigia makofi. Garmon naye alipiga, taratibu, huku ananiangalia.

Tudur kaniandikia: “Ukiharibu nitakuja na magongo.”

Baba hakupokea simu. Mama ndiye aliyepokea. Anasema Baba yuko bustanini, anazunguka.

“Anazunguka wapi?”

“Bustanini tu, mwanangu. Anazunguka.”

Nimejaribu kulala mchana. Sikupata usingizi. Nawaza skramu. Mle ndani huka hana mikono — yote miwili umewazungushia wenzako, shingo ndiyo inayobeba. Mimi nikilegea kushoto, mzigo wote unamwangukia Garmon au yule wa upande wa pili. Wao wana shingo pia. Wana watoto pia. Hili sikuwa nimeliwaza kabla. Uongo! Nililiwaza. Sikuliandika.

Jumamosi, 16 Novemba

Hotelini. Asubuhi. Toka dirishani naona mashabiki tayari barabarani, nyekundu tupu, watoto mabegani.

Nimeamka mkono haupo. Yaani upo, umelala kando yangu kama wa mtu mwingine. Nimeusugua, nimeuweka chini ya maji ya moto. Umerudi nusu.

Kisha shati. Sharti tushuke kifungua kinywa na shati na tai ya taifa. Vifungo vidogo sana! Nimehangaika navyo mpaka jasho likanitoka. Garmon akaniangalia weee. Mwishowe akaja, akasimama mbele yangu na yale mavidole yake ya kuzalisha kondoo, akanifunga kimoja baada ya kingine mpaka juu. Akanikaza tai.

“Mimi nitakuwa kulia kwako,” akasema.

“Najua.”

“Mwaka juzi nilicheza na mbavu mbili zimevunjika. Sikumwambia mtu. Kwa hiyo mimi si wa kukuhubiria.” Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyonipa wiki hii. “Ila mbavu ni mbavu, Elgan.”

Nikamwuliza kama atasema.

“Hapana. Ni yako kusema.” Akaingia bafuni, akafungua bomba, akaliacha likimwagika muda mrefu bila sababu.

Baba ametuma picha. Wako ndani ya treni, kijiji kizima. Mzee Idwal kavaa kofia ya sufu yenye joka la bendera yetu. Baba kavaa suti yake ya harusi, ile ya bluu, na skafu. Hatabasamu kwa sababu ya meno, lakini macho! Mererid yuko nyuma yao na Nanw mapajani. Yeye hatazami kamera. Anatazama nje.

Nimeilaza simu kifudifudi kitandani.

Niliichukua simu, nikatafuta jina la Daktari. Nikaiweka chini. Nikaichukua, nikapiga. Akapokea upesi, nyuma yake vijiko na sahani. “Elgan! Habari za asubuhi. Kuna tatizo?”

Nikasema, “Unaweza kupanda chumbani kidogo?”

“Kuna nini?”

“Panda tu, Daktari.”

Bomba limefungwa. Garmon ametoka, kaniona na simu mkononi. Ameketi kitandani kwake na soksi moja. Huko chini wameanza kuimba, sijui ni wachezaji au watu wa barabarani.

Bado ningeweza kusema ni tumbo. Au usingizi. Angenipa kidonge, akashuka.

Lifti imefika. Viatu vyake koridoni.

Anagonga. Garmon anasema, “Nifungue?”

Hapana. Nafungua mwenyewe —