Jani la Sale Ulilonitumia

Manka,

Nimekaa kwenye benchi letu la kliniki hapa Moshi mjini, upande wa dirishani, pale ulipopenda kukaa ili uone ni nani anatoka analia. Mbele yangu wamebaki watu wanne. Majibu yangu yako ndani kwa daktari. Naandikia juu ya goti, ndiyo maana mwandiko umekaa ovyo.

Nina uvimbe kwapani, Manka. Upande ule ule waliponikata titi. Niliugusa nikioga, kabla masika hayajaanza, nikanyamaza. Mimi! Mimi niliyekuita mpumbavu mbele ya wateja wako sokoni Himo.

Tulimaliza dripu ya mwisho ya saratani wiki ile ile moja, wewe na mimi. Tukanunua kitambaa, tukashona sare, tukaapa kwamba kila baada ya miezi mitatu tutakuja kuangaliwa pamoja. Ulikuja mara mbili. Mara ya tatu kliniki ikaangukia siku ya gulio, ukasema, "Mimi nimepona bwana, ndizi haziwezi kuningoja." Nikakufuata mpaka kwenye meza yako, nikafoka, nikakwambia siku ukifa nisiitwe. Nililitamka kwa mdomo wangu huu, na sijui nilitegemea neno hilo lingekwenda wapi.

Ulipozidiwa, mama yako alipanda mpaka kwetu Marangu na jani la sale mkononi, limepigwa fundo. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia, alininyooshea jani tu. "Manka anasema amekukosea," akasema. "Na anasema wewe usiache kliniki." Nani kwetu asiyejua kwamba sale halikataliwi? Hata aliyeuliwa ndugu yake, akiletewa sale, anasamehe. Mimi nikamwambia mama yako aliweke juu ya kabati, mikono yangu ina matope, nimetoka kukata majani ya ng'ombe. Matope yalikuwepo kweli. Na maji ya kunawa yalikuwepo.

Nikapanga kushuka kukuona Jumamosi, nikishamaliza kuchuma kahawa. Ijumaa ukaondoka.

Msibani nilipika, nilikosha masufuria, nililia mpaka sauti ikakauka. Mama yako alinitazama mara moja tu.

Tangu hapo siishi vizuri, nikwambie ukweli. Nyumbani wananinywesha mtori wa ndizi na nyama kama mama aliyejifungua, hata ndoo tupu hawataki niinue, nami nimewaachia, maana ni raha kuonewa huruma. Yale mazoezi ya mkono, kupandisha vidole ukutani, nimeyaacha. Kila nikigusa ukuta nakusikia ukihesabu na kucheka, "Saba, nane, Ndeshi unaiba!" Kliniki nimeiruka mara mbili. Nilijiambia ni huzuni. Ulikuwa woga, Manka. Woga mtupu, wa kwangu na wako ni ule ule.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasogeza kabati, jani likaanguka. Limekauka, fundo halijafunguka. Kisha nikatoka nje, nikanawa mikono kwa sabuni, nikarudi nikaliokota kwa mikono miwili. Asubuhi yake nikaja huku, wakanichoma sindano kwapani, wakachukua kinyama cha kupima.

Wamebaki wawili.

Nataka kukimbia. Geti liko wazi, nikitoka hakuna atakayeniuliza. Na nina hasira nawe bado, maana tungekuwa wawili kwenye benchi hili. Nimekusamehe na nina hasira, vyote viwili, na wewe unisamehe hivyo hivyo nilivyo.

Nikitoka humo ndani, wawe wameniambia lolote, nitakata sale bichi kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo. Jani nitampelekea mama yako, nipige magoti. Shina nitalipanda kaburini kwako, liote. Kliniki siruki tena, iwe gulio, iwe mavuno. Na leo jioni vidole vitapanda ukutani mpaka kumi, nitahesabu mwenyewe kwa sauti, bila kuiba.

Pumzika, mwenzangu. Jani lako liko hapa ndani ya kadi ya kliniki.

Nesi ametoka na faili. Anasoma jina langu.

Nimeshasimama.

Ndeshi