Mpokee Gato

Busanza, Kigali

Mdogo wangu Speransia,

Sisi tu wazima. Mvua imechelewa, lakini mchicha wangu umeota, na magoti bado yananiruhusu kwenda misa kwa miguu.

Gakuru na Gato, mapacha wa binti yangu Mutesi, wamefaulu wote wawili kuingia shule ya bweni ya mapadri. Ila wafadhili husomesha mtoto mmoja tu kwa kila nyumba, na sisi karo hatuiwezi. Padri aliuliza aende nani. Gato akawahi: "Aende Gakuru, Padri. Alinitangulia hata kuzaliwa, amezoea kusukuma watu." Tulicheka sote isipokuwa mama yao.

Kwenu Karagwe sekondari haina ada. Naomba umpokee Gato. Nilipovuka mpaka pale Rusumo kurudi nyumbani, niliapa kwamba hakuna mtoto wetu atakayekulia tena ng'ambo. Jana aliniuliza, "Babu, nikifika kule nitakuwa mkimbizi?" Nikamjibu, "Utakuwa mwanafunzi."

Unakumbuka tulivyokuwa tukiitwa shuleni. Siku ya kwanza mpeleke wewe mwenyewe, uwaambie walimu kwamba huyu ni mjukuu wako.

Kaka yako akuwazaye,
Mugenzi