Ruhusa ya Kupuliza Saksafoni

Runyenjes,
4 Machi 2024

Mama yangu Wawira,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ila hili goti la kushoto ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Ndugu yako Kivuti ni mzima. Ng'ombe ni wazima, hata yule mweupe mwenye mateke. Wewe je? Baridi ya Meru imekiacha kile kifua chako? Na wanafunzi wako wa muziki, bado wanakutoa jasho?

Barua hii anakuletea Khalif, yule mwenye lori anayepakia maparachichi hapa sokoni na kuyashusha soko la Gakoromone huko Meru. Simu siipendi, unajua. Watu hukatiana kabla hawajamaliza kujuliana hali.

Sasa nikwambie jambo, na usicheke. Nimeishusha saksafoni yako kutoka juu ya kabati. Ilikuwa imelala tu tangu ulipopata kazi huko. Kila Jumamosi naibeba hadi Majimbo, pale Embu mjini, kwa kijana mmoja anayeitwa Adrian ambaye anafundisha jazz sebuleni kwake. Wenzangu darasani ni watoto ambao wangekuwa wajukuu zangu kama wewe na Kivuti mngefanya haraka.

Adrian ana sheria moja. Kila mwanafunzi achague mtindo mmoja wa jazz, aupige na kuusoma mwaka mzima bila kurukaruka. Ametusikilizisha yote. Bebop imenishinda, noti zinatoka kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Blues naielewa, lakini huzuni ninayo ya kutosha nyumbani. Swing inanitikisa mguu hata goti likikataa. Halafu kuna bosanova, ile laini, inapita polepole kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Nimekwama kati ya hizo mbili za mwisho.

Wewe ndiwe uliyesomea mambo haya. Na zaidi ya hilo, unabeba jina la mama yangu, kwa hivyo kwa mila yetu wewe ndiwe Mama, nami siwezi kuanza jambo kubwa bila ruhusa yako. Marehemu nyanya yako alinikataza gita nikiwa kijana, akasema ni kazi ya walevi. Jaribu kuwa na huruma kumshinda. Niambie nichague upi, halafu useme, "Puliza."

Baba yako,
Salesio


Meru,
19 Machi 2024

Baba,

Natumaini goti limetulia. Mimi niko salama na kifua kimepona. Khalif alinipata shuleni akanipa barua yako, pamoja na maparachichi ambayo yalikuwa yamepondeka njiani.

Mama tulimzika Januari. Udongo juu yake bado haujashikana. Mimi sina nafasi ya swing wala bosanova moyoni, na sijui wewe umeipata wapi. Tangu mazishi sijagusa ala yoyote. Wanafunzi nawafundisha kwa mdomo na ubao.

Msalimie Kivuti.

Binti yako,
Wawira


Runyenjes,
2 Aprili 2024

Mama yangu mwenye hasira,

U hali gani? Sisi tunamshukuru Mungu. Mvua imekuja kwa adabu mwaka huu, mahindi tumepanda, na Kivuti amepaka rangi mlango wa jikoni. Rangi yenyewe ni mbaya, lakini nimemsifu.

Barua yako ilikuwa fupi, nami nikaisoma kwa urefu. Wawira, Alice alikuwa mke wangu kabla hajawa mama yako. Usidhani nacheza ngoma juu ya kaburi. Nyumba imenyamaza, mwanangu. Kivuti anakula akiitazama sahani, anaosha mikono, analala. Na wewe tangu mazishi tukizungumza ni habari za msalaba na maua. Nikafikiri, nikijifunza kitu anachokipenda huyu mtoto, pengine tutapata neno lingine la kuambiana. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Sijamsahau mama yako.

Nimeegemea bosanova. Lakini Adrian akiniuliza kama nimechagua, namjibu kwamba Mama hajasema. Juzi akanicheka: "Mzee, si wewe ni mtu mkubwa tayari?" Nikamwambia kwetu hakuna mtu mkubwa mbele ya mama yake.

Nangoja neno lako. Ni moja tu.

Baba yako,
Salesio


Meru,
20 Mei 2024

Baba,

Habari za nyumbani? Barua yako nimekaa nayo hadi mvua zikapungua. Nilitaka hasira ishuke kwanza. Haikushuka.

Umeandika kwamba hujamsahau Mama. Basi tuliseme hilo neno. Alipolazwa, alikuomba unipigie simu nije. Muuguzi aliyekuwa naye alinieleza mwenyewe. Alikuomba asubuhi, akakuomba tena jioni, na wewe ukaitikia. Habari nikazipata kwa Kivuti, nikafika nikakuta kitanda kimetandikwa shuka safi. Nilipokuuliza, ulinitazama machoni ukasema, "Nilisahau."

Baba, mtu husahau chumvi kwenye mboga. Hasahau mke wake anayekata roho akimwita mtoto.

Sasa unaniita Mama na kuniomba ruhusa. Jibu langu ni hili: sikupi. Saksafoni ni yangu. Ifute mate, irudishe kwenye sanduku lake, na usiende tena Majimbo. Siku nitakayoweza kuisikiliza bila kukiona kile kitanda, nitaichukua mwenyewe.

Wawira


Runyenjes,
9 Juni 2024

Mama yangu Wawira,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ila hili goti la kushoto ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Mbona huandiki? Tangu ulipoondoka hapa sijaona hata mstari mmoja wako, na Khalif anapita kila wiki.

Nikwambie jambo, na usicheke. Nimeishusha saksafoni yako kutoka juu ya kabati. Kuna kijana pale Majimbo anafundisha jazz, na anataka kila mtu achague mtindo mmoja ausome mwaka mzima. Kuna ule wa kutikisa mguu, na kuna mwingine laini sana, jina lake limenitoka sasa hivi. Ukiusikia utaujua. Unapita polepole ili usimwamshe mtoto.

Mimi nataka huo. Lakini wewe ndiwe Mama, na bila ruhusa yako sitaanza.

Alice anakusalimu. Yuko jikoni anapika githeri, ndiyo maana hajaandika neno lake.

Baba yako,
Salesio


Meru,
13 Juni 2024

Baba yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama langoni mwa shule, Khalif bado yuko mbele yangu. Nilimuuliza kama kuna mtu alikusaidia kuiandika. Akasema, "Hapana, mwalimu. Mzee aliandika mwenyewe. Lakini wallahi, alinipa bahasha, akanipa mkono, halafu akaniuliza mimi ni nani."

Nimempigia Kivuti. Tafadhali mfuate atakapokupeleka hospitali, usimbishie. Shule zikifunga Agosti nakuja. Kula vizuri.

Binti yako,
Wawira


Meru,
1 Septemba 2024

Baba,

Umelala salama? Goti je? Mimi nimefika vizuri. Nakuandikia wewe, ingawa ninajua ni Kivuti atakayekusomea, na sijui utakayemsikia ndani ya maneno haya ni nani.

Nilipoingia uani ulikuwa umeketi kwenye kiti chako. Uliponiona ukainuka mbio kama mwanafunzi aliyechelewa, ukaivuta saksafoni ukaisukuma chini ya magunia ya mahindi. Ukavua kofia. Ukasema, "Mama, sijaipuliza. Naiangalia tu." Nikadhani ni ule utani wetu. Nikacheka, Baba. Hukucheka nami.

Siku zote nilizokaa hapo, kwako nilikuwa nyanya, mama yako. Ulininyanyulia ndoo, ukanionyesha mikono yako kabla ya kula. Nilikwambia puliza, mimi nimekubali, ukatikisa kichwa: "Mwalimu anataka barua ya mzazi." Wewe ambaye ulipokuwa mwalimu uliwarudisha nyumbani watoto wa nusu ya Runyenjes wakalete barua ya mzazi.

Kivuti naye alilia karibu na zizi. Akaniambia, "Dada, mzee alikuwa anatafuta kikombe na amekishika. Nilidhani ni uzee tu." Daktari alitueleza kwamba ugonjwa huu haukuanza jana. Ulianza polepole, Mama akiwa bado hai.

Kwa hivyo siku ile hospitalini ulinijibu ukweli. Ulisahau. Hukuwa na neno lingine la kunipa, nami nikalichukua hilo moja nikakupiga nalo miezi yote. Ulikuwa unapotea, ukanyoosha mkono kwangu, ukaniomba tu niseme upi ni mtindo mzuri. Ningekujibu kwa sentensi moja. Ningekwambia bosanova, Baba, chagua bosanova, inakufaa, na ungekuwa umeipiga ukiwa bado unanijua.

Nisamehe. Ukipata siku nzuri, hata dakika yake, niandikie kwamba umenisamehe. Ninaomba sana. Nitakuja nikisikia hivyo, tutapuliza pamoja.

Binti yako,
Wawira


Runyenjes,
17 Januari 2025

Mama,

Hujambo huko? Mimi sijambo. Ng'ombe nimewanywesha. Jua ni kali na mto umeshuka.

Ulikuja ukaondoka bila kuniachia barua. Mwalimu Adrian sasa huja yeye mwenyewe hapa nyumbani, ni mtu mzuri sana. Ananiambia nipulize, nami namwambia siwezi, Mama alikataza. Wenzangu wote wameshachagua mitindo yao. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki, na naona aibu.

Mimi si mlevi, Mama. Muziki wenyewe ni mpole. Ukiusikia hutakasirika. Niandikie tu maneno mawili nimwonyeshe mwalimu.

Mwanao,
Salesio


Meru,
2 Februari 2025

Mwanangu Salesio,

Hujambo? Umekula? Kivuti asikuache na jua hilo kichwani, vaa kofia. Mimi huku sijambo, nakuwaza tu.

Nimepata barua yako. Usione aibu mbele ya wenzako, kosa la kuchelewa si lako. Niliyekuchelewesha ni mimi. Nilikukataza kwa sababu nilikuwa na uchungu wangu, nikautua juu yako kwa kuwa ulikuwa karibu. Hukuwa mbaya hata siku moja.

Toa saksafoni chini ya magunia. Mwonyeshe mwalimu wako maneno haya:

Mwalimu Adrian, mimi mzazi wa Salesio nimemruhusu mtoto wangu asome na kupiga jazz. Achague mtindo anaoupenda yeye. Akikosea, asigombezwe. Akisahau, aanzishwe tena kutoka mwanzo, hata kama ni kila siku.

Puliza, mwanangu.

Mama yako,
Wawira


Runyenjes,
6 Aprili 2025

Mama yangu mpendwa,

Habari za huko uliko? Mimi ni mzima na nina furaha. Barua yako nilimpa mwalimu. Aliisoma, akatoka nje kidogo, akarudi macho yakiwa mekundu. Vijana wa siku hizi hawawezi moshi wa jikoni.

Nimechagua, Mama. Ni ule mtindo laini. Mwalimu anasema pumzi yangu ni fupi lakini mtindo huu hauna haraka, utaningoja. Naanza asubuhi, na ikifika jioni vidole vimesahau, basi naanza tena.

Nina binti, sijui kama uliwahi kumwona. Tulimpa jina lako. Yeye anaijua jazz kuliko sisi wote. Alinikasirikia, na sikumbuki nilimfanya nini, lakini lazima lilikuwa jambo kubwa kwa sababu hana tabia ya kununa. Mazoezi haya yote nayafanya kwa ajili yake. Mtu akibisha hodi, naishika saksafoni kwanza ndipo nafungua.

Jumapili Kivuti alinisomea barua ya msichana mmoja anayemlilia baba yake amsamehe. Anaandika vizuri, maskini. Nikamuuliza Kivuti huyo baba ni nani na kwa nini hamjibu mtoto. Kivuti akaikunja barua akairudisha kwenye bahasha. Mama, mtu mwenye moyo mgumu namna hiyo mimi simwelewi. Binti yangu akiniandikia barua kama ile, nitamjibu siku hiyohiyo.

Mwanao,
Salesio