Poda ya Mama na Ndege ya Chumbani

Jumatatu, 31 Machi 1997

Baba amemaliza paneli ya ndege yangu ya kuchezea! Ameikata kwenye pipa la mafuta, matundu sita ya saa za ndege, zile za kupimia mwendo na kimo, safi kabisa. Ila chini ametoboa vitundu kumi na viwili, mstari mmoja. Nikamuuliza, vya nini? Akatazama mikono yake, akacheka mpaka akakohoa. Miaka thelathini ya kutengeneza majiko ya mbabula – mkono ukishika bati unayatafutia makaa hewa. Nimesema vibaki. Taa ya ndani itapumua.

Ofisi imefungwa tangu patron, bosi wangu, alipopanda ndege ya mwisho kwenda Ndola, Zambia, na familia yake, maana ndege yake ndogo haikuwatosha. Kompyuta aliniachia niichunge nyumbani, na mchezo wake wa ndege ndani. Mwaka jana nilimwomba anifundishe kurusha ndege yake. Akasema dactylo akae na mashine yake ya kupiga chapa. Haya. Nakaa nayo!

Jumatano, 2 Aprili

Usukani: wa baiskeli. Ndani yake vifundo viwili vya kuongezea sauti, vya redio zilizokufa, waya zake hadi kwenye kompyuta. Nikisukuma, kifundo kinazunguka, ndege inainama. Inatii! Nilipiga kelele peke yangu.

Imebaki pedali. Ya cherehani ya Mama ingefaa sana. Nilipoitaja tu, Mama akaondoka na sahani yangu ya bukari, ugali ukiwa bado nusu.

Jumamosi, 5 Aprili

Maduka yamefungwa. Wanasema vita vimekaribia. Nusu ya watu wa avenue yetu wameshika njia ya Kipushi wavukie Zambia. Mama anataka twende pia. Baba akauliza nani ataibeba ndege, maana mlangoni haipiti.

"Mutakufa juu ya bati!" Mama akafoka.

Kisha, jioni, Mama mwenyewe akaifungua pedali na kuniwekea mapajani.

"Chukua. Baclients bote banakimbia, nitashonea nani?"

Nilitaka kulia.

Jumatano, 9 Aprili

Risasi tangu asubuhi. Baba na Mama chini ya kitanda. Lakini umeme upo! Nimeruka mara nne. Nimeanguka mara nne.

Ijumaa, 11 Aprili

Askari wapya wameingia mjini. Watu wako barabarani na matawi, wanaimba. Na mimi NIMETUA!

Chicago ya mchezoni, kando ya ziwa. Magurudumu matatu, bila kurukaruka. Baba akauliza kama ziwa lile ni Mweru. Kwao ni Pweto, kando ya Mweru. Mama alikimbia chumbani, akarudi na poda, akanimwagia kopo zima kichwani! Ile poda anayomwagiwa aliyefaulu mtihani wa Serikali. Mimi mwaka wangu nilianguka. Kopo lilirudi kabatini halijafunguliwa. Miaka tisa!

Nikatoka nje na kichwa cheupe, nikicheza. Jirani yetu Nono akapiga vigelegele, akauliza nimefaulu nini.

"Mutoto yangu iko pilote!" Mama akajibu.

Sikumsahihisha. Ilikuwa tamu mno.

Jumamosi, 12 Aprili

Jeep mlangoni. Afande mmoja wa askari wapya, mpole, buti za plastiki. Avenue nzima imemwelekeza: pilote ni yule aliyemwagiwa poda. Anasema ndege ndogo ya patron iko uwanja wa ndege wa Luano, imeachwa. Pweto kuna majeruhi wanne, na barabara haipitiki; anataka nirushe ndege nikawachukue.

Nimemwambia ukweli. Mimi ni dactylo. Nimetua mara moja, kwenye kompyuta.

"Mapilote wote wanasema hivyo," akajibu. Tangu jana amewapata watatu, na wote wamekana.

Akataka nimwonyeshe. Umeme ulikuwa umekatika. Bora ningenyamaza! Lakini nilikaa, nikashika usukani, kioo cha kompyuta kikiwa cheusi, nikamtajia kila saa na kazi yake. Zote sita. Sikukosea hata moja. Nilikuwa najivuna, ndiyo.

"Inatosha," akasema. "Vaa viatu, dada."

Mama akamshika mkono. "Afande, ile iko ya kucheza! Ni mimi nilimwanga poudre!" Baba amesimama mlangoni na nyundo yake.

Nimeomba nibadili nguo, ndipo naandika. Nimeosha kichwa mara mbili, poda bado iko masikioni. Kwenye mchezo ukianguka unabonyeza kitufe, unaanza tena. Najua. Naogopa. Mungu anisamehe, nina furaha pia.

Wanapiga honi. Ndege ile patron hakuniruhusu kuingia hata siku moja. Sijui paneli yake ina saa ngapi. Kama ni zaidi ya sita –