Chumba cha Sita Hakina Mpangaji

Taichung, 9 Februari 2014

Baba yangu,

Assalamu alaikum. Kwanza mgongo unasemaje, na je, unakula au unakunywa kahawa tu? Mimi mzima, ila baridi ya Taiwani inaingia mpaka kwenye meno. Bibi ninayemhudumia bado ananiita kwa jina la binti yake aliyehamia Kanada. Nimechoka kumsahihisha, siku hizi naitika tu.

Naandika kwa sababu simu na masikio yako havielewani tangu kelele za kile kiwanda cha mbao ulichofanyia kazi. Baba, nimeamua. Akiba yangu ya miaka sita inunue nyumba ya kupangisha wanafunzi hapo Malang, karibu na chuo. Vyumba vikijaa, mkataba wangu ukiisha Machi mwakani narudi moja kwa moja. Nimechoka kumlea mzazi wa watu huku wa kwangu anakula peke yake.

Jumapili nasoma darasa la wafanyakazi wanaotaka kununua nyumba. Mwalimu anasema: nyumba ikague siku ya mvua. Waulize majirani, usimuulize dalali. Soma jina lililo kwenye hati. Ukiambiwa kuna mteja mwingine anaitaka leo leo, mwache aichukue. Na kila mpangaji mpya, kitasa kipya, maana hujui funguo za zamani ziko mifukoni mwa nani. Mimi siwezi kwenda kukagua, kwa hiyo macho yangu ni wewe.

Mwanao,
Murti

Malang, 2 Machi 2014

Nduk, binti yangu,

Salamu zako zimenifikia, waalaikumu salaam. Mgongo upo, haujahama. Nakula.

Nimekagua mbili. Ya kwanza ilipendeza, imepakwa rangi jana yake. Nikavuka barabara, nikakaa kwa mama mmoja muuza wali, siku tatu, mpaka mvua ikanyesha. Maji yakaingia sebuleni bila hodi. Mama muuza wali akacheka: "Mzee, ile rangi mpya unadhani inaficha nini?" Mwalimu wako ana akili, mpe salamu.

Ya pili ni kavu, vyumba sita nyuma ya ukumbi wa mbele, na mpera uani. Lakini hati bado iko kwa jina la mama wa wauzaji, marehemu. Watoto saba. Hapa kwetu ndivyo tulivyo, tunazika mtu na hati yake inabaki hai. Sita wako tayari kusaini. Wa saba yuko Sumatra, amenuna tangu mazishi, hajasema na ndugu zake miaka tisa. Dalali ananiambia, "Lipa tu mzee, huyo ataelewa baadaye." Nikamwambia huyo wa saba ndiye atakayekuja siku moja kukaa barazani kwangu na wakili.

Nimemwandikia barua huyo ndugu. Kumwandikia mtu aliye mbali ndiyo kazi ninayoijua siku hizi.

Baba yako

Malang, 22 Juni 2014

Nduk,

Natumaini huna homa, na bibi wa watu hajambo. Wa saba alikuja. Alisimama jikoni kwa mama yake akalia kama mtoto, kisha akasaini. Nyumba ni yako, hati ina jina lako, nimeisoma mara tatu nikiwa na miwani na mara moja bila miwani.

Tulifanya kisomo, wali wa manjano ukapelekwa kwa majirani wote. Walikuulizia wewe. Nimehamia ule ukumbi wa mbele, nyumba yetu ya zamani ya kupanga nimemrudishia mwenyewe, ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Wanafunzi watano wameshaingia, vijana wa kiume, wanakula usiku na mchana. Vitasa nimebadilisha vyote. Chumba cha sita paa linavuja kidogo.

Baba yako

Taichung, 14 Septemba 2014

Baba,

Assalamu alaikum, na mgongo? Mimi nipo. Bibi wa watu hawezi tena kutembea, namnyanyua mwenyewe.

Tuzungumze kuhusu chumba cha sita. Juni ulisema paa, nikatuma hela ya paa. Julai ukasema mchwa. Agosti ukasema kina joto. Sasa nasikia kina harufu. Baba, hicho ni chumba au ni mgonjwa? Vyuo vimefunguliwa, mwanafunzi asiyepata chumba sasa hatafuti tena mpaka mwakani. Kama kodi ni kubwa, punguza. Chumba kitupu kinakula vile vitano vingine, ndilo somo la kwanza tulilofundishwa. Niambie ukweli, kuna nini humo?

Mwanao,
Murti

Malang, 5 Oktoba 2014

Nduk,

Usikasirike, na kama umekasirika, kula kwanza.

Paa halijawahi kuvuja. Hela ya paa nimenunulia kitanda na meza ya kujipodolea yenye kioo. Dirisha linatazama mpera, jua la asubuhi linaingia. Watu watatu walikiulizia, nikawaambia kimechukuliwa. Sikuwadanganya. Ulisema Machi.

Vijana hawa ni wazuri, lakini wakifunga milango yao nabaki na redio nisiyoisikia vizuri. Basi huwa nafagia chumba cha sita.

Nimeweka ufunguo ndani ya bahasha hii. Wa pili ninao mimi.

Baba yako

Taichung, 22 Februari 2015

Baba,

Samahani kwa kimya. Ufunguo niliupata tangu Oktoba. Nilianza barua nne nikazichana.

Yule mama muuza wali ana mdogo wake huku, nasoma naye darasa la Jumapili, na kwake nimesikia nyumba ya jirani yako inauzwa, kavu, hati safi. Nyumba moja inatulisha, mbili zingetupumzisha. Nimesaini mkataba wa miaka mitatu mingine huku. Nilisaini kabla ya kukuuliza, kwa sababu nilijua ungesema sawa, na nisingeivumilia hiyo sawa yako.

Na bibi analia nikitoka hata kwenda dukani. Naogopa, Baba. Naogopa nikirudi mikono mitupu, na naogopa nikirudi nimechelewa.

Kipangishe chumba. Kweli, kipangishe. Ufunguo nimeufunga kwenye uzi, nauvaa shingoni.

Mwanao,
Murti

Malang, 29 Machi 2015

Nduk,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umevaa sweta. Mimi sijambo.

Sawa.

Nyumba ya jirani nimeikagua siku mbili za mvua, haiingizi maji. Warithi ni wawili tu na wanasemezana. Nitakuandikia bei wakiniambia.

Chumba cha sita kina mpangaji tangu juzi, kijana kutoka Flores, anasomea uuguzi. Aliuliza kwa nini chumba cha mwanamume kina meza ya kujipodolea. Nikamwambia ilikuja na nyumba. Akaniuliza nani alikuwa akikaa humo, nikamwambia hajawahi kukaa mtu. Jioni alinigongea mlango, akauliza kama nimekula.

Nimefanya ulivyonifundisha. Fundi alikuja asubuhi, akatoa kitasa cha zamani, akaweka kipya. Kwa hiyo huo ulio nao shingoni haufungui kitu tena. Usiurudishe, utapoteza hela ya posta bure.

Baba yako