Sindano za Mama Barafu

9 Machi

Kitinda wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko na mashuka yako ya hoteli. Natumaini mgongo haukusumbui kwa kuyapiga pasi kutwa. Sisi hatujambo, isipokuwa nyonga yangu, ambayo siku hizi ina kiburi kumshinda shangazi yako. Naye anakusalimu. Simu usipige, masikio yangu unayajua. Andika.

Daktari wa mifupa amesema nyonga imekwisha, nitiwe ya chuma. Nikamwambia nipo tayari hata leo. Akasema daktari wa usingizi hakubali kumlaza mtu wa uzito wangu, anaogopa nisiamke. Nikipungua kufikia Septemba, nafasi ni yangu. Nisipopungua, anapewa mwingine. Sasa nitapunguaje, na chooni kwenyewe naenda kwa kushika ukuta?

Ipo sindano ya kupunguza mwili. Hospitali ya serikali wanayo, ila ni ya wenye kisukari tu, na hao nao wanaipata kwa bahati. Wakanipima: sukari yangu safi kabisa. Sijawahi kulia kwa kuambiwa ni mzima, siku hiyo nililia. Shangazi yako akanishauri ninywe soda tatu turudi tukapimwe upya.

Nacheka, mwanangu, lakini naogopa.

Mama yako


30 Machi

Shikamoo Mama,

Sijambo, mgongo nao unavumilia. Pole sana. Nimeongea na ile kliniki ya binafsi yenye vioo, inayobandika picha za wanawake wembamba. Daktari wao hakuuliza habari ya kisukari, aliuliza tu nitalipa vipi. Nitalipa kila mwezi mpaka Septemba, usiniulize natoa wapi.

Wewe nenda ukachukue. Ila wamenisisitizia: dawa hiyo haitaki joto, ikipata joto imeharibika. Tafadhali Mama, joto lisiiguse kabisa.

Binti yako, Kitinda


26 Aprili

Kitinda wangu,

Marahaba. Unakula vizuri? Nimeanza. Kliniki ni nzuri, ila viti vyao vina mikono na mimi sikuingia hata kimoja. Nikasimama nimeegemea meza ya mapokezi, wembamba wote wakinitazama. Muuguzi akanionyesha jinsi ya kujichoma tumboni, ni kama kalamu tu, moja inatosha Ijumaa zote za mwezi. Akauliza kama nyumbani nina pa kuiweka penye baridi. Nikamwambia, kwa baridi hakuna wa kunishinda mtaa mzima, mimi muuza barafu, ndiye Mama Barafu! Akacheka sana, akamwita mwingine.

Mungu akuzidishie. Naiona Septemba naiendea kwa miguu yangu.

Mama


11 Julai

Shikamoo Mama,

Habari za hapo? Shangazi ameniandikia. Anasema kliniki wamekupima tena na hujapungua hata kidogo, na muuguzi amekuambia mbele ya watu kwamba dawa haifanyi kazi kwa mtu asiyefunga mdomo. Mama, nalala chumba kimoja na wenzangu watano ili wewe upate sindano. Niambie ukweli. Unakula?

Kitinda


30 Julai

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua yako imenichoma kuliko sindano zenyewe.

Asubuhi nakunywa chai bila sukari. Jioni nakula mboga tupu. Kabati la chakula shangazi yako amelitia kufuli, na mimi ndiye niliyemwomba. Njaa ninayo, tena njaa ya kweli, hiyo waliyosema itaondoka haijaondoka. Nauza barafu nimekaa, macho yanaona nyota.

Na sindano sijaruka hata moja. Kila Ijumaa naifukua chini ya barafu, naikuta imekuwa jiwe. Naibana kwapani mpaka ilainike, najichoma, halafu naifukia tena kulekule chini kwenye friza. Kama imewahi kupata joto, basi ni la kwapa langu tu.

Sijui nijinyime nini zaidi.

Mama yako


19 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Nilipoisoma barua yako nilikaa sakafuni katikati ya mashuka.

Dawa ile haitakiwi kuganda. Inataka ubaridi wa friji, ule wa kuwekea maziwa, siyo wa friza. Ikiganda mara moja tu imekufa. Nimewapigia kliniki wakathibitisha, na wakasema hela hawarudishi wala hawatoi nyingine. Tangu Aprili umekuwa ukijichoma maji, Mama. Mimi nilikutisha na joto, na hakuna aliyekuambia kwamba baridi nayo ina mpaka.

Sina cha kutuma. Hoteli imefungwa kwa matengenezo, tumeachishwa wote. Nimezunguka kutafuta kazi, sijapata. Natamani ungenitukana.

Kitinda


20 Oktoba

Kitinda wangu,

Marahaba, mwanangu. Usiku unalala? Mimi nalala sana, maana kitandani sishuki tena. Barafu anauza shangazi yako, na anawapunja watu.

Septemba nilipelekwa kwa kubebwa. Mizani ikasema yaleyale. Nikamweleza daktari habari ya friza. Alisikitika, kweli alisikitika, akanishika mkono. Kisha nafasi akampa mwingine, mama mmoja mwembamba aliyekuwa nyuma yangu. Nikampa hongera.

Sikutukani. Ungejua barua yako ilivyonifaa! Nilimwambia shangazi yako aisome kwa sauti, na majirani wakiwapo. Alipofika pale pa kujichoma maji nikamwambia arudie. Akarudia huku analia.

Usihangaike tena na kliniki, Septemba imeshapita na nafasi imekwenda. Ukipata nauli, rudi. Usipoipata, nitajua hukukataa.

Ila jambo moja. Siku yangu ikifika, wapo watakaosema huyu alikula mpaka akafa. Usinyamaze. Waambie nilishinda na njaa, na sindano sikuruka hata moja.

Mama yako