Usimpe Jina Zuri

Muhumba, Bukavu, 12 Desemba 2024

Mwanangu Gracien,

Pokea salamu zangu na za Maman Consolate, jirani yetu. Tuko wazima, ila goti langu halipendi mvua, na mwezi huu inanyesha kila siku. Fabiola anaendeleaje? Maziwa yanatoka?

Nimeiona picha ya binti yenu. Nilifurahi, halafu nikaogopa, na woga ndio uliobaki. Wale wa kwanza mliwapa majina mazuri, Mapendo na Josué, na mliwazika wote wawili kabla hawajaota jino. Huyu usimpe jina zuri. Mwite Jalala, kama nilivyokuita wewe. Kifo hakiokoti takataka.

Bintu, binti wa Consolate, ataupiga picha ukurasa huu akutumie, maana vidole vyangu na simu haviivani. Jibu upesi.

Mama yako


Aarhus, Denmark, 4 Januari 2025

Mama,

Jambo, na heri ya mwaka mpya. Goti lifunge kitambaa cha joto. Sisi hatujambo, mtoto ananyonya na kupiga kelele.

Hapa jina halitoki kwa bibi. Kuna orodha ya serikali. Jina lisilo humo unaliombea ruhusa, na jina la kumdhalilisha mtoto wanalikataa. Mwanamke wa ofisini aliona Jalala kwenye karatasi zangu, akaniuliza maana yake nini. Nilipomwambia alinionea huruma, akasema naweza kulibadilisha. Mama, nimelibadilisha. Wenyeji hapa baba na mtoto hutumia jina moja la ukoo, kwa hiyo nimechukua la marehemu Papa, mumeo: sasa mimi ni Gracien Anaclet. Usikasirike.

Na mtoto tumemwita Colette. Ni ndoyi wako, jina lako lenyewe. Nilidhani utacheka kwa furaha.

Mwanao


Muhumba, 27 Januari 2025

Mwanangu,

Nakusalimu, na mtoto mumbusu. Goti ni lile lile.

Sikukasirika. Naogopa. Kabla yako nilizika watatu. Siku ulipozaliwa, Consolate alikubeba akakulaza juu ya jalala nyuma ya jikoni, kwenye majivu na maganda ya ndizi. Mimi nikafunga mlango. Akarudi kama mpita njia, akabisha: “Niko naokota mutoto hapa. Nani anamutaka?” Nikakununua kwa kiganja cha chumvi. Gracien ni la padri na la shule. Lililokufunika miaka thelathini na minne ni Jalala, na wewe umelivua kwa sababu ya huruma ya mtu wa ofisini.

Kupewa ndoyi ni heshima, nashukuru. Lakini mmemsimamisha mlangoni bila nguo.

Mama yako


Aarhus, 19 Februari 2025

Mama,

Mko hai? Tangu Ijumaa nasikia watu wenye bunduki wameingia mjini, na simu ya Bintu haiiti. Kama njia ipo, vukeni mpaka. Goti lisikuzuie.

Colette yuko hospitali. Ni homa na kifua, leo siku ya nne, wamemwekea mpira wa hewa puani. Kwa Josué ilianza hivi hivi. Daktari huingia asubuhi akamwita kwa jina, kwa sauti kubwa ya uchangamfu, na mimi nisiyeamini mambo haya natamani kumziba mdomo.

Mwanao


Muhumba, 6 Machi 2025

Mwanangu,

Tuko hai. Madirisha mawili yamevunjika, tumeziba kwa katoni. Unga upo kidogo.

Barua yako ilitufikia jana. Hatukungoja. Bintu alifungua picha ya mtoto, tukailaza simu juu ya jalala lile lile. Consolate akaniokotea, nikatoa chumvi. Simu inanuka maganda mpaka sasa na Bintu amenuna. Kwa hiyo huku mtoto ni Jalala. Kwenye karatasi za huko aendelee kuwa Colette, nimekwisha kulipangia hilo: kifo kikija kuita Colette, Colette mkubwa ni mimi. Nitaitika mimi.

Wenye bunduki wanapita nyumba kwa nyumba wakiandika majina. Kesho ni zamu ya avenyu yetu. Usihangaike, mtoto ndiye wa kuangaliwa.

Mama yako


Aarhus, 10 Machi 2025

Mama,

Homa imeshuka. Mpira wameutoa, amenyonya. Dawa au chumvi, nimeacha kubishana. Walipokuja kuandika majina ilikuwaje? Niambie hata neno moja.

Mwanao


Aarhus, 2 Aprili 2025

Mama,

Mko wazima? Barua yangu haijafika kwenye simu ya Bintu. Naiangalia kila saa. Colette amepata jino.

Ile sentensi yako ya kuitika, naomba uifute.

Mwanao


Aarhus, 18 Mei 2025

Mama,

Nakusalimu popote ulipo. Goti likoje?

Juzi Maman Consolate alinipigia kutoka ng'ambo ya mpaka, yeye na Bintu wamevuka. Nikamuuliza habari zako, akasema: “Balirudi na liste ya majina. Baliita Colette. Akaitika mbio, akaenda nabo. Hatuyamuona tena.”

Hapa hakuna jalala, Mama. Kuna mapipa manne, kila taka na rangi yake. Jana nilichukua picha yako, ile ya ubatizo wangu, nikailaza juu ya pipa la maganda, nikapanda ngazi, nikafunga mlango. Nilisimama nyuma yake. Fabiola akaja na mtoto mgongoni, akabisha: “Niko naokota mama hapa. Nani anamutaka?” Nikasema mimi. Nikampa kiganja cha chumvi.

Kwa hiyo tangu jana wewe ni Jalala. Barua hii naituma kwa Consolate, amempata mtu anayerudi Bukavu, atakuulizia mlango kwa mlango. Ikikufikia, usijibu kwanza, nitangoja. Ila wakiita Colette tena, nakusihi, usiitike.

Ni mimi mwanao,
Gracien Jalala